Mafungo ya Wanandoa Katika Ranchi ya Wanyamapori Laikipia: Uzoefu Wangu

Kikundi cha kanisa kinachotafuta mahali pa mafungo ya mwisho wa juma kitapata katika ranchi ya wanyamapori utulivu ambao ni nadra kuupata katika hoteli za mjini, mradi waandaaji wakubali kwamba ratiba ya sala na mafundisho itafuata saa za mahali pale. Nasema hivyo baada ya kushiriki mafungo ya wanandoa wa parokia yetu ya Nairobi katika ranchi moja ya Laikipia. Jina lake naliweka kando, kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Hata hivyo, mengi ninayoyaeleza yatamfaa yeyote anayezifikiria ranchi za upande huo, ambazo nyingi hufuga ng'ombe na kupokea wageni kwa wakati mmoja.

Safari haina tatizo hadi Nanyuki, mji ulio takriban kilomita 200 kutoka Nairobi, kwani ni lami tupu kupitia Sagana na Karatina. Tatizo huanza baada ya hapo. Barabara ya kuingia ranchini ni ya vumbi, na sehemu zake ni udongo mweusi ambao ukilowa hunata kwenye magurudumu na kulizamisha gari zito, hivyo basi letu la kukodi lilibaki langoni na tukahamia kwenye magari ya wenyeji. Hapo langoni tuliombwa pia kuacha chupa za maji za plastiki, kwa maelezo kwamba ranchi imejiwekea kanuni ileile ambayo serikali iliiweka Juni 2020 kwa mbuga na hifadhi za taifa. Wapo walionung'unika, ila mahemani tulikuta mitungi ya maji yaliyochujwa na hakuna aliyelala na kiu.

Kuhusu malazi sina mengi ya kusema. Mahema yalikuwa makubwa, yenye vitanda, choo na bafu ndani, na kila jioni mhudumu aliweka chini ya blanketi chupa ya mpira yenye maji moto, jambo ambalo aliyezoea joto la Pwani angelicheka hadi atakapolala usiku mmoja katika baridi inayoshuka kutoka Mlima Kenya.

Kilichoyafanya mafungo haya yawe mafungo kweli ni sheria ya usiku. Giza likishaingia, hakuna mgeni anayeruhusiwa kutembea kutoka hema moja hadi lingine bila askari mwenye tochi, kwa sababu eneo la mahema halina uzio na nyati hupita humo wakielekea mtoni. Nimehudhuria mafungo mijini ambako baada ya chakula cha jioni nusu ya washiriki hupotelea kwenye televisheni ya mapokezi au huketi kwenye magari wakipiga simu. Hapa hapakuwa na pa kupotelea, na mtandao wa simu ulipatikana kwenye kilima kimoja tu. Ilibidi mume na mke waketi na kuzungumza maswali waliyopewa, na nadhani kuna nyumba ambazo hazikuwa zimezungumza kwa muda mrefu hivyo tangu harusi. Usiku wa kwanza simba walisikika mbali, na asubuhi padre alianzia hapo, akatusomea Zaburi ya 104 panapotajwa wanasimba wanaomwomba Mungu chakula chao. Zaburi hiyohiyo inataja wibari, yaani pimbi, wanaokimbilia miambani, nao walikuwa wameketi kwenye mwamba nyuma ya meza ya Misa, wanene, wakiota jua bila kutujali.

Ratiba iliyochapishwa na kamati iliweka rozari saa kumi na moja jioni, na matembezi ya gari kuona wanyama saa sita mchana. Kiongozi wa matembezi, kijana mwenyeji wa eneo hilo, aliisoma kwa adabu, kisha akasema, "Baba Padre, saa sita hata simba yuko mafungoni." Alikuwa sahihi: jua la ikweta likishapanda, wanyama wengi hujificha kivulini na dereva huzunguka bila cha kuonyesha. Ratiba ikageuzwa siku hiyohiyo. Masifu ya asubuhi yalisaliwa kabla ya mapambazuko, magari yakaondoka saa kumi na mbili na nusu, mafundisho marefu yakawekwa katikati ya mchana chini ya paa la makuti, na rozari ikasaliwa kwenye magari wakati wa kurudi jioni.

Matembezi yenyewe nayapa alama za juu. Tuliona punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo, ambaye wengi wa waliosalia duniani wako Kenya. Tuliona pia choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, na twiga wa kaskazini wenye mabaka kama wavu. Lakini kilichonibakia zaidi ni mambo madogo. Kiongozi alisimamisha gari kando ya mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi, akakigonga kimoja kwa kalamu, na papo hapo sisimizi wakamiminika kutoka kwenye vitundu vyake. Hao ndio askari wa mti huo, humng'ata ndovu mdomoni na kwenye mkonga hadi aende kutafuta mti mwingine. Mbele kidogo tulifika kwenye uwanja wa nyasi fupi za kijani uliozungukwa na vichaka, ambao zamani ulikuwa boma la ng'ombe. Samadi iliyorundikana humo hurutubisha udongo kwa miongo mingi baada ya mifugo kuhama, na ndiyo maana swala walikuwa wamejaa pale na si kwingine. Padre aliifunga daftari yake ya mahubiri ya Jumapili na kuzungumzia boma lile, na nakiri kwamba alieleweka kuliko siku nyingi.

Mzee mmoja wetu alitarajia nyama ya porini mezani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo tulikula ng'ombe wa ranchi hiyo, nao walikuwa watamu. Mboga zilikuwa chache na zilizopikwa mno.

Sasa malalamiko. Jenereta iliwekwa karibu mno na ukumbi, na iliwashwa saa ileile ya kuabudu Ekaristi, hata ukimya tuliousafiria ukafunikwa na mngurumo wa dizeli hadi tulipoomba izimwe. Bei tuliyopewa ilikuwa ya malazi na milo yote, lakini matembezi ya gari yalitozwa kando, kwa kila gari na si kwa kila mtu, na jambo hilo halikuelezwa wazi hadi tulipokabidhiwa bili. Magari nayo hayakututosha, ikabidi tupokezane. Baadhi ya wenzangu wanalalamika pia kwamba tulikatazwa kutumia vipaza sauti. Katika hilo niko upande wa ranchi, maana kwaya yetu haijawahi kuhitaji kipaza sauti ili isikike.

Ningewashauri wanandoa na vikundi vya watu wazima waende, na waombe bili ya matembezi kwa maandishi kabla ya kutuma malipo ya awali. Kwa kikundi chenye watoto wadogo au wazee wasioweza kupanda gari refu, ningetafuta mahali penye uzio. Aprili na Mei ni miezi ya mvua na barabara ile haipitiki kwa urahisi, hivyo mafungo ya Kwaresima yapangwe mwanzoni mwa Kwaresima, kabla udongo haujalowa.