Ripoti ya probesheni Malindi: huduma ya bure inayotegemea shtaka lilivyoandikwa

Kijana wa miaka 19 au 22 akipatikana na hatia ya kupora, hakimu huweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, yaani mtumishi wa serikali anayewasimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza, kabla ya kutoa adhabu. Hailipiwi hata shilingi, na anayeiandika si wakili wala polisi. Tathmini yetu: ni huduma nzuri, na kwa kijana asiye na rekodi ndiyo karatasi nzito kuliko zote atakazokuwa nazo siku hiyo. Ila uzito wake unategemea kifungu kilichoandikwa kwenye karatasi ya mashtaka, na hicho familia nyingi hawakisomi mpaka maji yamemwagika.

Kanuni ya Adhabu imegawa kosa hili mara mbili. Kifungu cha 296(1) kina adhabu ya hadi miaka 14. Kifungu cha 296(2), wizi wa mabavu wenyewe, adhabu yake ni kifo. Ili kesi ihamie huko latosha jambo moja kati ya matatu: mshtakiwa alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa tukio, punde kabla yake au punde baada yake. Vijana wawili wakimpokonya kwa vitisho mwendesha bodaboda simu yake pale Muyeye, bila hata wembe mfukoni, tayari wamo ndani ya 296(2) kwa sababu tu walikuwa wawili. Nyumbani watasema "mwanetu hakuwa na panga", wakadhani wamemtetea. Hawajamtetea.

Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema tarehe 14 Desemba 2017 kwamba jaji asilazimishwe kutoa adhabu ya kifo. Kuna waliopata nafuu kwa njia hiyo hata kwenye wizi wa mabavu. Kisha Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikaeleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Kwa hiyo mtu akishatiwa hatiani chini ya 296(2), hata ripoti iwe nzuri vipi, haina pa kushika. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na marais wamegeuza adhabu za kifo kuwa kifungo cha maisha zaidi ya mara moja, lakini kifungo cha maisha kwa mtu wa miaka 20 si nafuu ya kuitegemea.

Thamani ya ripoti huonekana pale shtaka linaposhuka hadi 296(1). Njia ya kwanza ni makubaliano ya kukiri kosa, chini ya kifungu cha 137A na vinavyofuata vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Hufanywa kabla ya hukumu, kwa maandishi, na kiongozi wa mashtaka akubali. Hapa wakili ni wa lazima kwa maoni yetu, maana kijana anayekiri haraka ili amalize kesi anaweza kukiri shtaka ambalo halijashushwa. Njia ya pili ni rufaa.

Shtaka likishashuka, uwanja unapanuka. Kifungo cha nje chini ya uangalizi wa probesheni ni kati ya miezi 6 na miaka 3. Utumishi wa jamii unawezekana hakimu akiona adhabu inayostahili haizidi miaka 3. Afisa hupendekeza tu, na hakimu halazimiki kumfuata.

Mahakama kwa kawaida hutoa wiki mbili hivi. Afisa humhoji kijana, wazazi, chifu, mzee wa mtaa, shule au mwajiri, na aliyeporwa. Kinachoharibu ripoti mara nyingi ni uongo mdogo. Mama anasema mwanawe hagusi unga (heroini), mzee wa mtaa anasema kila mtu Maweni anajua anatumia, na hapo hata maneno ya kweli ya familia yanapoteza nguvu. Ni afadhali kusema ukweli na kuonyesha kadi ya kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini) ya hospitali ya Malindi, ikiwa ameshaanza matibabu. Barua ya fundi aliye tayari kumpokea, yenye jina, mahali na kazi, ina faida kuliko sifa kumi za "kijana mtulivu". Kwa Lamu, familia ikiwa Faza au Kizingitini, safari ya boti inakula siku. Mpeni afisa namba za simu za jamaa siku ileile ripoti inapoagizwa.

Aliyeporwa ana haki ya kusema jinsi alivyoumia, na ni sawa kabisa asikilizwe. Kumwomba radhi na kurudisha mali kupitia afisa au wakili huhesabika. Kumfuata usiku na bahasha ya pesa huonekana kama kumtisha shahidi, na ripoti itaandika hivyo.

Umri uthibitishwe mapema. Kinachotazamwa ni umri siku ya tukio. Aliyekuwa chini ya miaka 18 siku hiyo hawezi kupewa adhabu ya kifo, hata kama sasa ana 20. Leteni cheti cha kuzaliwa. Kisipokuwepo, mahakama iombwe kuagiza daktari apime umri.

Hakikisheni pia tarehe ya kukamatwa imo kwenye kumbukumbu. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe, na tarehe isipoonekana husahaulika. Ni jambo kubwa hapa, kwa sababu kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, kama kilivyoandikwa, kinamnyima aliyefungwa chini ya 296(1) lile punguzo la theluthi wanalopata wafungwa wengine. Miaka 7 ni miaka 7.

Ripoti ikisomwa, kijana asikilize kila mstari na apinge kosa papo hapo, kabla adhabu haijatamkwa. Baada ya hapo kuna siku 14 za kukata rufaa: za Malindi kwenye Mahakama Kuu ya hapohapo, za Lamu huelekea Garsen. Asiye na wakili anaweza kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye sheria inamtaka azipeleke.