Fundi wa matairi Msamvu aliyeuliza kwanza, spana baadaye

Kwa miezi mitatu nilikuwa nafika kwa mama Dodoma viganja vimekufa ganzi. Gari langu ni Toyota IST, na mjini Morogoro linatembea vizuri tu. Ukishaipita Dumila, barabara ikanyooka na mshale ukagusa 90, usukani unaanza kucheza. Kwenye 100 hata kioo cha pembeni kinatetema, magari ya nyuma unayaona kama yako ndani ya maji. Ukikazana hadi 115 linatulia kidogo, lakini huo si mwendo wangu.

Nilishapita gereji mbili. Ya kwanza walifanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, kwa Sh 40,000, niliporudi kulalamika wakaifanya tena. Ya pili walibadilisha tairodi zote mbili na boli jointi za chini, viungo vya usukani na magurudumu ya mbele, pamoja na ufundi ikawa Sh 230,000. Nikaingia barabarani Ijumaa ile ile, mtetemo ni ule ule. Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba kote huko hakuna aliyeniuliza gari linatetemeka lini.

Dereva mmoja wa Noah ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi wa matairi, upande wa stendi ya Msamvu. Karakana ni banda la mabati, mashine moja ya kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa tairi linapozunguka, na jeki mbili. Alinisikiliza, akafuta mikono, akaanza maswali.

"Mwalimu, linaanza kwenye mwendo gani? Unausikia kwenye usukani au kwenye kiti? Ukikanyaga breki linazidi? Na kabla halijaanza, ulibadilisha nini?"

Nikamjibu: 90, usukani, breki haina tofauti, na mwezi Februari nilitoa rimu za chuma nikaweka za aloi. Akaniambia kwa nini anauliza. Mtetemo wa usukani mara nyingi ni matairi ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, angalia ya nyuma. Ukija pale tu unapofunga breki, ni diski zimepinda. Ukija unapokanyaga mafuta na kuisha ukiachia, ni jointi za ndani za shafti zinazozungusha magurudumu. Alaimenti mbovu hula matairi na kulivuta gari upande mmoja, na mara chache sana ndiyo chanzo cha mtetemo kama wangu. Kwa dakika tano hizo nilielewa kuliko miezi mitatu yote.

Halafu tukatoka naye barabara ya Dodoma, mimi naendesha, yeye kaweka kidole kwenye dashibodi. Tuliporudi akainua mbele, akalishika kila tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia, akalitikisa. Hakuna kilichocheza. Akalizungusha kwa mkono akiwa amechuchumaa usawa wake, anatafuta nundu au rimu iliyopinda. Hakuna.

Kwenye mashine, tairi la mbele kulia lilidai kuongezewa gramu 40 upande mwepesi. Ndani ya rimu kulikuwa na tope lililokauka kama kigae, na vipande viwili vya madini ya risasi, vile vya kusawazisha uzito, vilikuwa vimeshabanduka, gundi tu imebaki. Alikwangua, akaosha, akabalansi yote manne hadi mashine ikasoma sifuri.

Mimi nafundisha fizikia, nikapiga hesabu palepale. Tairi la 185/65 R15 kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gramu 40 kwenye ukingo wa rimu zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 6, mara 14 kila sekunde, huku na huku. Na kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwenye 50 inabaki robo yake. Ndiyo maana mjini sikuhisi kitu.

Tukajaribu tena. Mtetemo umepungua zaidi ya nusu, lakini upo. Fundi mwingine angechukua hela yake hapo. Huyu alivua tairi, akapima tundu la katikati la rimu yangu mpya: milimita 67. Habu ya IST, pale rimu inapokaa, ni 54. Kumbe rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati nne peke yake, haijakaa kwenye habu. Mashine haiwezi kuliona hilo, kwa sababu yenyewe hulishika tairi kwa koni katikati ya tundu. Tairi na rimu yake vikikaa nje ya kitovu kwa nusu milimita tu, kilo zake 16 zinavuta sawasawa na gramu zangu 40.

Aliagiza pete nne za alumini, za kuziba pengo hilo, zikafika siku ya pili. Akazivisha, akakaza nati kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake, gari likiwa bado juu ya jeki, kisha akamalizia chini kwa spana ya kupimia, nyutoni-mita 103.

Balansi Sh 20,000, pete Sh 40,000, ufundi Sh 10,000. Jumla 70,000. Kasoro zipo: hakuna pa kukaa zaidi ya ndoo iliyopinduliwa, Jumamosi foleni inafika barabarani, na diski hachongi, anakuelekeza kwingine. Risiti aliniandikia kwa mkono nilipoomba.

Ijumaa iliyofuata niliendesha Gairo hadi Kibaigwa kwenye 100, kikombe cha chai kiko kwenye kishikio, chai imetulia. Nilisimama Kibaigwa nikakagua nati kama alivyoniagiza, hakuna iliyolegea. Mama alinishika mikono akauliza kama leo nimekuja na basi.