Kipimo cha damu cha mzio wa maziwa kwa watoto: kipi cha kulipia, kipi cha kuacha

Ukifika maabara ukaomba "kipimo cha aleji" kwa mtoto unayeshuku kuwa maziwa yanamdhuru, unaweza kupewa kitu chochote kati ya vinne: IgE mahususi ya maziwa ya ng'ombe (IgE ni kingamwili zinazohusika na mzio), IgE ya jumla, kipande kimoja kinachopima vyakula ishirini na zaidi kwa mpigo, au IgG ya vyakula, ambazo ni kingamwili za aina nyingine. Tunapendekeza cha kwanza peke yake, majibu yatoke kwa namba, na kwa mtoto mwenye historia inayoeleweka. Vitatu vilivyobaki ama havijibu swali la mzazi ama vinampotosha.

Swali ambalo kipimo hiki hujibu ni moja: je, mwili wa mtoto umetengeneza kingamwili za IgE dhidi ya protini za maziwa? Basi. Kuwa na kingamwili hizo na kudhurika ukinywa maziwa si kitu kimoja, na wazazi wengi hupotezwa hapo.

Mfumo uliozoeleka zaidi ni ImmunoCAP, uliozaliwa Uppsala, Sweden, na sasa uko chini ya Thermo Fisher Scientific. Protini za maziwa zimenaswa ndani ya kikombe kidogo chenye kitu kama sifongo. Seramu ya mtoto, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, mikrolita 40 tu kwa kila kipimo, inawekwa humo. IgE ya maziwa ikiwepo inang'ang'ania, nyingine zinaoshwa, kisha kingamwili ya pili yenye kimeng'enya inaongezwa na mashine inasoma mwanga unaotoka. Kwenye fomu kipimo hiki hubeba alama f2, na majibu huwa kati ya 0.1 na 100 kUA/L, kizio cha kupimia wingi wa IgE hiyo kwa lita.

Kwa upande wa mtoto, kazi ni nyepesi. Mililita 1 au 2 za damu ya mshipa zinatosha, kwenye chupa ya seramu. Hakuna haja ya kufunga kula, wala kuacha cetirizine au dawa nyingine za kuzuia mwasho. Hapo damu inashinda kipimo cha kuchoma ngozi, ambacho hudai dawa hizo ziachwe siku kadhaa na ngozi iwe safi ya kutosha kuchomwa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyoenea mikono na mgongo, damu ndiyo njia yake. Kama sampuli inasafirishwa kwenda maabara nyingine, seramu itenganishwe mapema na ikae nyuzi 2 hadi 8; ikizidi wiki moja, igandishwe. Uliza pia jina la mashine na uliandike, kwa sababu namba za ImmunoCAP na za Immulite, mfumo mwingine wa kupima IgE, hazilinganishwi moja kwa moja. Mtoto aliyepimwa kwa mashine moja mwaka jana na nyingine mwaka huu anaweza kuonekana amepona au amezidiwa, kumbe hakuna kilichobadilika.

Tuchukue karatasi ya majibu yenyewe. Imeandikwa: f2, maziwa ya ng'ombe, 0.82 kUA/L, daraja la 2. Kwa mtoto wa miezi minane aliyetoka mabaka na kuvimba midomo dakika kumi baada ya uji wa maziwa, namba hiyo inatosha kuunga mkono historia: ana mzio, maziwa yasimamishwe. Kwa mtoto wa miaka minne anayekunywa chai ya maziwa kila asubuhi bila shida yoyote, namba hiyohiyo haina la kusema. Aendelee na chai yake. Karatasi ni moja, uamuzi ni miwili, na kinachoutenganisha ni historia, ambayo mashine haiioni. Ndiyo maana daktari anayeagiza kipimo kabla ya kuuliza mtoto alikula nini, kiasi gani, na dalili zilikuja baada ya dakika ngapi, ameanza na mguu mbaya.

Yale madaraja ya 0 hadi 6 yanaeleza wingi wa kingamwili, hayaelezi ukali wa mzio. Mtoto wa daraja la 2 anaweza kuishiwa pumzi, na wa daraja la 4 akatoka vipele vichache tu. Namba kubwa huongeza uwezekano kwamba mzio upo kweli. Tafiti za Marekani na Hispania zilizochapishwa 2001 zilionyesha kuwa kuanzia 15 kUA/L, au 5 kwa watoto wachanga, karibu 95 kati ya 100 walikuwa na mzio wa kweli. Lakini hao walikuwa watoto waliokwisha kupelekwa kliniki za mzio kwa kushukiwa. Ukichukua kiwango hicho ukakitumia kwa mtoto yeyote aliyepimwa tu kwa wasiwasi, hesabu haishiki.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada ambalo vipeperushi vya kampuni havilitaji. Minyoo na kichocho hupandisha IgE mwilini, na nyingine kati ya hizo hushika vyakula bila kuleta madhara. Utafiti wa wanafunzi nchini Ghana, uliochapishwa 2013, ulikuta watoto wenye kichocho wakiwa na IgE ya karanga kwenye damu, hali karanga wanakula na hawadhuriki. Kwa sababu hiyohiyo IgE ya jumla haifai kabisa kutafutia mzio wa chakula: ikiwa juu inaweza kuwa ni minyoo, na ikiwa kawaida haiondoi mzio.

Kipande cha vyakula vingi ndicho tunachokipinga kwa nguvu zaidi. Kinavutia kwa sababu bei moja inaleta majibu mengi, lakini kila mstari unaowaka kidogo unageuka chakula kilichokatazwa. Mtoto wa pumu ya ngozi huenda akarudi nyumbani amezuiwa maziwa, mayai, ngano, samaki na karanga kwa wakati mmoja. Anadhoofu, na kuna hatari nyingine: akiondolewa maziwa aliyokuwa akiyavumilia, mwili unaweza kupoteza uvumilivu huo, na siku akiyaonja tena akapata mzio mkali ambao hakuwa nao.

IgG, au IgG4 (kundi dogo la IgG), usilipie. Mwili hutengeneza kingamwili hizo kwa chakula unachokizoea, kwa hiyo mtoto mnywaji wa maziwa kuwa nazo ni kawaida. EAACI, chama cha wataalamu wa mzio wa Ulaya, kilitamka 2008 kuwa zisitumike kutambua mzio wa chakula, na wenzao wa Kanada wakasema hivyo 2012.

Nyongeza moja inaweza kustahili fedha, tena baada ya mzio kuthibitika: IgE ya kaseini, mojawapo ya protini za maziwa, alama f78. Kaseini huvumilia moto, wakati protini nyingine ya maziwa, beta-laktoglobulini, hubadilika umbo inapookwa pamoja na unga wa ngano. Mtoto mwenye IgE kubwa ya kaseini mara nyingi hukaa na mzio muda mrefu zaidi, na keki au mkate wenye maziwa una uwezekano mkubwa zaidi wa kumdhuru.

Majibu yakiwa hasi, usifunge faili bado. Kuna mzio wa maziwa usiotumia IgE, na huo kipimo hiki hakiuoni hata kidogo. Mtoto anayenyonya anayetoa michirizi ya damu kwenye choo, au anayetapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya maziwa, akapauka na kulegea, anaweza kuwa na sifuri kwenye karatasi na bado maziwa ndiyo chanzo. Mwenye damu chooni huondolewa maziwa wiki 2 hadi 4, mama anayenyonyesha naye akiyaacha, kisha yanarudishwa kuona kama dalili zinarudi. Yule wa kutapika na kulegea asijaribiwe tena maziwa nyumbani, jaribio hilo lifanyike hospitalini. Kuharisha na tumbo kujaa gesi kwa kushindwa kuyeyusha laktosi, sukari ya maziwa, si mzio, na IgE haihusiki.

Historia na namba zikikinzana, mwamuzi ni mtoto kunyweshwa maziwa chini ya uangalizi. Huanza na miligramu 3 za protini, kisha 10, 30, 100, 300, 1000 na 3000, kila dozi ikisubiriwa dakika 20 hadi 30. Dozi ya mwisho ni kama mililita 90 za maziwa. Adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla ya tone la kwanza: miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani mililita 0.1 ya dawa ya 1:1000 kwa mtoto wa kilo 10, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje. Huduma isiyo na maandalizi haya isikubaliwe, hata kama bei yake ni nafuu.

Mzio ukithibitika, usikimbilie maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe na wengi wataumwa vilevile. Ya ngamia yanafanana kidogo, lakini si mbadala wa mtoto wa chini ya mwaka. Huyo aendelee kunyonya, mama akiacha maziwa iwapo mtoto anadhurika kupitia kwake, au apewe maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa sana. Kipimo kirudiwe kila miezi 6 hadi 12, mashine ileile, maana watoto wengi hupona wanapokua. Namba ikishuka mwaka hadi mwaka, zungumza na daktari kuhusu kumnywesha hospitalini. Ushukaji huo usiwe sababu ya kumwonjesha mtindi jikoni.