Miezi mitatu na kozi ya maneno ya mafanikio kwa Kiingereza: uzoefu wangu

Nilijiunga na kozi hii kwa hasira. Nilikuwa nimetoka kwenye usaili wa kazi kwa njia ya simu, na swali lililonimaliza wala halikuwa la taaluma yangu. Niliombwa nieleze jambo moja nililowahi kulifanikisha nikalionea fahari. Jambo nilikuwa nalo, tena zito: nilifufua mfumo wa kutunza kumbukumbu uliokuwa umewashinda watu watatu kabla yangu. Lakini kila nilipofungua kinywa lilitoka neno lile lile kama kasuku. "I succeeded to repair." "It was a very success." Kazi sikuipata. Pengine ningeikosa hata kama tungezungumza Kiswahili, ila jioni ile ile nilipakua programu.

Kozi inakaa kwenye simu: kadi za maneno, sauti za kusikiliza, mazoezi ya kujaza nafasi. Inafuata ngazi zile za Ulaya za kupima lugha, A1 ya anayeanza hadi C2 ya aliyebobea, na sura ya mafanikio imewekwa B1 na B2, yaani katikati. Nimeimaliza mara mbili. Jina lake silitaji kwa sababu nitailalamikia, na pia kwa sababu kozi nyingi za aina hii nilizochungulia zimefumwa kwa uzi mmoja.

Naanza na kilichoniudhi. Sura inafunguka kwa kadi 12: "succeed", "achieve", "accomplish", "attain", "manage", "thrive" na wenzake. Geuza kadi usome Kiswahili chake: kufanikiwa. Inayofuata: kufanikiwa. Inayofuata: kufanikiwa, kutimiza. Inayofuata tena: kufanikiwa. Ni wazi aliyeandaa alifungua kamusi, akachoka njiani. Kadi kumi na mbili zenye jibu moja hazikufundishi kitu, zinakudanganya kuwa una maneno kumi na mawili kumbe unalo moja lenye majina ya utani.

Na wala si kwamba Kiswahili chetu ni fukara. Tuna kufaulu, kufuzu, kutimiza, kufikia, kustawi. Tuna kufua dafu, ambalo sijui kwa nini tunalipenda zaidi likiwa limekanushwa: hakufua dafu. Vijana wana kutoboa na kutusua. Kila moja lina mahali pake, ndiyo maana husikii mtu akisema amefuzu kufungua mlango. Mtunzi angeutumia utajiri huo, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. "Thrive" ni kustawi, kwa mmea, kwa mtoto, kwa biashara, yaani hali inayoendelea na si tukio la siku moja. "Fulfil" ni kutimiza, na huambatana na ahadi, ndoto na wajibu. "Pull it off" ni kufanikisha jambo ambalo watazamaji walishaanza kutikisa vichwa. Na "make it", angalau maana yake moja, ndiko kutoboa kwenyewe. Hayo niliyajaza mwenyewe kwenye daftari, kwa kalamu, pembeni ya programu inayojiita ya kisasa.

Nilikaribia kuifuta. Kilichonizuia ni sehemu ya pili, ile ya mazoezi, na hapo lazima niwape haki yao. Aliyeiandika bila shaka si yule wa kadi. Hapa huulizwi neno lina maana gani, unaulizwa linatembea na nani.

Chukua lile kosa langu la usaili. Kwa Kiswahili tunasema nimefanikiwa kutengeneza, na ile "ku" yetu inafanana mno na "to" ya Kiingereza, kwa hiyo ulimi unateleza wenyewe: "I succeeded to repair". Kumbe "succeed" inadai "in" na kitenzi chenye "ing" mwishoni: "I succeeded in repairing it". Anayetaka "to" ahamie kwenye "manage": "I managed to repair it". Tena "manage" inabeba kitu ambacho "succeed" haikibebi sana, ile ladha ya kuhangaika, kwamba jambo lilitaka kukushinda ukalibana hadi likakubali. Kwa mfumo wangu uliowashinda watatu, hilo ndilo nililolihitaji siku ile.

"Achieve" nayo ina masharti yake. Ni kama kutimiza: ukisema tu nimetimiza, msikilizaji anabaki anakutazama akingoja useme nini. Vivyo hivyo "I have achieved" peke yake inaning'inia, haina budi kufuatwa na lengo, matokeo au kiwango fulani. Mfano huu wa kutimiza ni wangu, kozi haina. Kozi inakupa zoezi lenye nafasi tupu baada ya "achieve" na kukunyima alama hadi ujaze. Inakera, lakini baada ya siku tatu hukosei tena.

Sehemu iliyonifungua macho kuliko zote ni ya "win" na "beat". Kiswahili kina kushinda tu. Tumeshinda mechi, tumewashinda wao. Nilivyoandika maisha yangu yote ni "we won them", na hakuna aliyewahi kunisahihisha. Kumbe "win" huchukua kinachopatikana au kinachoshindaniwa, yaani mechi, zawadi, uchaguzi, kesi. Mpinzani ni wa "beat": "we beat them". Ukisema "we won them", Mwingereza anaweza kuelewa kwamba wapinzani ndio waliokuwa zawadi na nyinyi mkawabeba nyumbani. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakumbuka barua pepe ngapi nimeituma sentensi hiyo, kicheko kikakatika.

Hapo hapo kozi ikaishia. Haikuona kwamba kushinda kuna upande wa pili: imenishinda. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili atahitaji sentensi hiyo siku nyingi kuliko ile ya ushindi, na neno kwa neno haihamishiki. Ukiandika "it won me" umepotea. Inabidi useme "I couldn't manage it" au "it was too much for me". (Na kushinda nyumbani kutwa nzima ni habari nyingine kabisa, tuliache lilale.)

Kuna jingine dogo ambalo nadhani wengi wetu hatulijui: niliweza. Niliandika "I could pass the exam" nikapewa alama nyekundu, nikaamini programu imeharibika. Haikuharibika. "Could" ni ya uwezo uliokuwapo kwa ujumla, kwamba zamani niliweza kukimbia sana. Kwa tukio moja lililotokea likafaulu, Kiingereza kinataka "I was able to pass" au "I managed to pass". La kushangaza, ukikanusha, kikwazo kinaondoka: "I couldn't pass" inakubalika. Maelezo ya kozi kuhusu hili ni mistari miwili mikavu, lakini mazoezi yake ni 15 na yamepangwa kwa akili.

Matamshi na tahajia nitapita haraka. "Success" inakazwa silabi ya pili, "successful" ina "l" moja mwishoni ilhali "successfully" inazo mbili, "achieve" inaanza "i" ndipo "e". Sauti zilizorekodiwa ni safi. Ukipongeza, ni "congratulations on" na si "for", hata kama hongera yetu ina kwa. Basi.

Kuna vidokezo vya asili ya maneno ambavyo havina mtihani, na mimi ndivyo nilivyovisoma kwa raha. "Succeed" imetoka kwenye Kilatini chenye maana ya kufuata nyuma, ndiyo sababu mrithi wa cheo anaitwa "successor" hata kama kazi imemshinda. "Achieve" imepitia Kifaransa cha zamani, na ndani yake mna kichwa, kwa maana ya kulifikisha jambo kwenye kikomo chake. "With flying colours", ambayo wengi tumeikariri bila kuuliza hizo rangi zinaruka kwenda wapi, haihusu rangi: "colours" ni bendera, na picha yake ni meli inayorudi ikiwa bado inapeperusha bendera zake. Tangu nilipojua hilo sijaisahau. Nikaongeza la kwangu daftarini, kwamba kufuzu kwetu kumetoka Kiarabu, kwenye neno la ushindi. Maneno ya mafanikio yametembea sana kila upande.

Sura ya mwisho inahusu wasifu wa kazi. Inakuelekeza kuanza kila mstari na kitenzi cha wakati uliopita, bila "I": "led", "delivered", "exceeded", "secured". Ushauri mzuri. Kisha inaharibu kwa kukumiminia maneno mazito kama "spearheaded" na kukushawishi uyatumie yote. Nilijaribu. Wasifu wangu ukasomeka kama wa jemadari aliyeteka miji saba. Rafiki yangu anayeajiri watu aliusoma, akanirudishia na swali moja: ulifanya nini hasa? Nilichobakiza ni mstari huu: "Repaired the records system and cut search time from two days to ten minutes." Kitenzi cha kawaida, na tarakimu za kukitetea. Kozi haisemi lolote kuhusu tarakimu.

Kwa hiyo nani ajiunge? Aliye B1 ambaye anaandika Kiingereza kila siku na kurudia maneno yale yale matatu atafaidika, mradi aruke kadi zote aende moja kwa moja kwenye mazoezi. Anayeanza kabisa asijisumbue, tafsiri za kadi zitampoteza. Mimi nimewapa nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya "win" na "beat".

Lakini kuna kisa kimoja bado. Mwezi wa pili wa kozi nilichelewa kikao cha mtandaoni kwa sababu ya intaneti. Nilipotokea tu kwenye skrini, mwenyekiti akasema kwa furaha, "You made it!" Mimi, mwanafunzi bora wa kadi namba 9, make it, kufanikiwa maishani, nikajibu kwa unyenyekevu wote kwamba asante, lakini bado napambana, mafanikio ni safari ndefu. Kikao kikanyamaza. Alichomaanisha ni umefika, karibu. Niliwaandikia wenye kozi siku hiyo hiyo nikiwaomba waongeze maana ya pili. Hawakunijibu, ila toleo lililokuja baadaye lina kadi mpya namba 10: "make it", kuwahi, kufika. Kadi namba 9 bado inasema kufanikiwa, nukta.