Uzoefu wangu: filamu ya zamani ya safari kwenye Canal du Midi

Niliinunua DVD hii kwa ajili ya mandhari, nikaishia kuirudia kwa sababu ya miti. Ni safari ya tishari la mizigo kwenye mfereji huo wa kusini mwa Ufaransa, kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka. Mpenda vishindo atasinzia mapema.

Miti ya platani imejipanga kingo zote mbili, matawi yamekutana juu, na tishari linapita kivulini. Mpiga picha wala hana habari nayo. Yeye anahangaika na mwanamke anayeanika nguo sitahani. Mingi ya miti hiyo ilipandwa karne ya 19, mizizi yake ikashika udongo wa kingo. Mwaka 2006 uligunduliwa ugonjwa wa kuvu usio na tiba, na tangu hapo miti imekatwa na kuchomwa kwa maelfu. Kuna sehemu ambazo leo ukipita unapigwa na jua tu. Matishari ya mizigo nayo yameondoka, zimebaki boti za watalii. Kwa hiyo kile walichokirekodi bila kukusudia ndicho kilichoipa filamu thamani.

Kipande cha Fonserannes, ngazi ya malango ya maji karibu na Béziers, kimenipendeza kuliko vyote. Chombo kinashushwa zaidi ya mita 20, chumba kimoja cha maji baada ya kingine, na kamera inatulia hadi kila lango lifunguke. Kuta za vyumba zimepinda kama yai ili zihimili msukumo wa udongo, jambo ambalo msimulizi halitaji kabisa.

Huyo msimulizi ndiye aliyeniudhi. Anamsifu Pierre-Paul Riquet, mjenzi wa mfereji, aliyeanza kazi mwaka 1666 na kufariki 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa. Sawa, anastahili. Lakini maelfu waliochimba, wanawake wakiwemo, hawapati hata sentensi moja. Tena hatuambiwi maji yanafikaje Naurouze, sehemu ya juu kuliko zote, wakati akili yote ya mradi iko hapo: maji yalikusanywa kutoka milima ya Montagne Noire na kuhifadhiwa kwenye bwawa la Saint-Ferréol.

Rangi zimechujuka, kijani kimekuwa hudhurungi, na akodioni haipumziki. Punguza sauti, ila uirudishe kwenye malango. Pale maji na minyororo vinasikika vizuri. Manukuu hakuna, simulizi ni Kifaransa kitupu.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Saint-Ferréol.