Madokezo kwenye nyaraka zako ndani ya Kindle Paperwhite: yanakaa wapi, na yanapotea vipi

Karibuni sana watazamaji. Hapa mezani tuna Kindle Paperwhite ya mwaka 2024, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ile ya skrini ya inchi 7. Betri na mwanga tunaviacha kando. Leo tunaangalia jambo moja linalomhusu kila mwanafunzi, mwalimu na mwanasheria: ukiweka humu waraka wako mwenyewe, siyo kitabu cha kununua, unaweza kuandika madokezo yako na kuyapata tena baadaye?

Unaweza. Ila kila kitu kinategemea waraka uliingia kwa njia gani, na hapo ndipo kazi za watu zinapopotelea.

Ukitumia waya wa USB, unaburuta faili hadi kwenye folda ya documents. Madokezo utayaandika vizuri tu, lakini yatabaki kwenye kifaa hicho peke yake, ndani ya folda ndogo yenye jina la waraka na kuishia na .sdr. Ukifuta waraka kwenye orodha, folda hiyo nayo inaondoka. Na faili la EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, ukiliingiza kwa waya halifunguki kabisa.

Sisi tunashauri Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma nyaraka kwenye kifaa. Unatuma kwa anwani ya kifaa chako inayoishia na @kindle.com, mwisho MB 50, au unapakia kwenye ukurasa wa wavuti wa huduma hiyo, mwisho MB 200. EPUB kwa njia hii inakubalika. Waraka unahifadhiwa kwenye akaunti yako, na madokezo yanakufuata hadi kwenye programu ya Kindle ya simu, mradi Whispersync, yaani ulandanishi wa vifaa vyako, iwe imewashwa. Kama waraka haufiki, angalia kwanza mipangilio ya akaunti: barua pepe unayotumia kutuma lazima iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa.

Sasa aina ya faili. Ukiwa na DOCX, yaani faili la Word, tuma DOCX. Maneno yanajipanga upya kulingana na skrini, unaongeza ukubwa wa herufi, na kidole kinashika neno unalolitaka. PDF ya karatasi ya A4 kwenye inchi 7 ni mateso: herufi zinakuwa ndogo mno, kila mara unavuta ukurasa ukubwe, na ukijaribu kuchagua sentensi unashika mstari wa juu yake. Ukiandika neno convert kwenye kichwa cha barua pepe, PDF itabadilishwa, lakini majedwali na kurasa za safu mbili huvurugika. Na kama PDF yenyewe ni picha za karatasi zilizoskaniwa, huwezi kupigia neno mstari, kwa sababu kifaa hakioni maneno, kinaona picha. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, yaani OCR, ndipo uitume.

Kuandika kwenyewe, tazameni hapa. Kidole kinashikilia neno la kwanza, kinaburutwa hadi neno la mwisho, unaachia. Menyu inatokea, unagusa Note, kibodi inapanda, unaandika, unahifadhi. Sentensi ikivuka ukurasa, buruta hadi kona ya chini kulia na utulie kidogo. Ukurasa utageuka na utaendelea kuchagua. Kibodi ya Kiingereza inatosha kwa Kiswahili, ila ritifaa ya ng' iko kwenye ukurasa wa alama. Skrini ya wino wa kielektroniki haina kasi ya simu, ukiandika mbiombio herufi zinachelewa kutokea. Kwa hiyo andikeni kwa ufupi: "hakiki tarehe", "linganisha kif. 4". Anayetaka kuandika aya nzima kwa mkono, kifaa chake ni Kindle Scribe yenye kalamu, siyo hiki.

Tukichomeka kwenye kompyuta, ndani ya documents kuna faili linaitwa My Clippings.txt. Hili ndilo la kulijua vizuri. Kila ukipiga mstari au kuandika dokezo, kifaa kinaongeza ingizo jipya mwishoni mwa faili. Mstari wa kwanza ni jina la waraka. Wa pili unasema kama ni alama ya mstari uliopiga au dokezo, lokesheni yake, yaani namba ya mahali ilipo ndani ya waraka, na tarehe na saa. Unafuata mstari mtupu, kisha maneno yenyewe, kisha alama kumi za = za kufunga ingizo.

Angalieni kwa makini: dokezo na sentensi uliyoipigia mstari ni maingizo mawili tofauti. Yanakutanishwa na lokesheni. Alama ikiwa 180-182, dokezo lake litakuwa ndani ya namba hizo. Ukinakili madokezo peke yake, utabaki na "hakiki tarehe" usijue tarehe ipi.

Faili hili huongezewa tu, halipunguzwi. Ukirekebisha dokezo, la zamani linabaki na jipya linaandikwa chini yake. Ukilifuta kwenye waraka, humu bado lipo. Hiyo ni faida kubwa siku umefuta kitu kwa bahati mbaya. Lakini madokezo uliyoandika kwenye simu hayaingii humu, kwani faili ni la kifaa hiki pekee. Na usitegemee ukurasa wa madokezo wa Amazon kwenye kivinjari: unaonyesha vitabu vilivyonunuliwa kwao, siyo nyaraka zako.

Jambo linaloumiza sana wanaohariri: ukisahihisha DOCX ukaituma tena, kwa Kindle huo ni waraka mwingine. Madokezo ya toleo la kwanza hayahamii. Usifute toleo la zamani mpaka umeyatoa yote.

Wenye Mac, modeli hizi za 2024 hazitokei kama diski ya kawaida, zinatumia MTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili kwa waya, kwa hiyo mtahitaji programu ya kuhamisha mafaili. Kwenye Windows inafunguka moja kwa moja. Nakili My Clippings.txt kila wiki, na kabla ya kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani, nakili tena, maana kikishafutwa, faili hilo halirudi kutoka kwenye akaunti.