Uzoefu wangu na kozi ya ukocha wa kazini: mwalimu aliyebandika siri yangu ukutani

Nilisema sitaandika. Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa nikijiambia limepita, lakini kila nikiona tangazo la kozi ile likisambazwa kwenye simu za watu, na picha ya mkufunzi wake akitabasamu, moyo unanienda mbio upya. Basi leo naandika. Kampuni siitaji na mkufunzi simtaji, ila waliokuwepo chumbani watajua nasema nini.

Kozi yenyewe ni ya ukocha wa kitaaluma kazini. Meneja anafundishwa kukaa na mtu aliye chini yake, kumsikiliza na kumuuliza mpaka apate jibu lake mwenyewe, badala ya kumwagia amri na ushauri. Ratiba na mada sitazieleza, brosha yao inazo zote. Mwajiri wangu ndiye aliyelipa, na tulipelekwa wawili kutoka ofisi moja. Hilo la wawili likae kichwani mwenu.

Siku ya kwanza nilifurahi, na sitalificha. Mkufunzi anajua kuongea. Alitusimulia habari za Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, ambaye miaka ya 1970 aligundua kwamba mchezaji akiacha kujazwa maelekezo anacheza vizuri zaidi. Gallwey alimwambia mwanafunzi wake aseme neno moja kila mpira unapodunda na neno jingine kila unapogongwa, basi, na mkono ukajipanga wenyewe. Kisha mkufunzi akatuletea habari za John Whitmore wa Uingereza, aliyekuwa dereva wa mbio za magari kabla ya kuyaingiza mawazo hayo maofisini, na kutoka kwake na wenzake ule mfumo wa GROW: lengo lako ni nini, hali halisi ikoje, una njia zipi, na utafanya nini. Nilikuwa meneja wa miaka mingi niliyedhani kazi yangu ni kuwa na majibu. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kabisa, nikasema hela ya mwajiri haijapotea.

Tatizo lilikuja kwenye mazoezi. Mnakaa watatu watatu, mmoja kocha, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, halafu mnabadilishana. Mkufunzi alisisitiza kwamba mtu asije na jambo la kutunga. Leteni la kweli, alisema, la kuigiza halifundishi. Na kinachosemwa humu kinabaki humu. Alituomba tunyooshe mikono kuonyesha tumekubaliana. Tulinyoosha wote. Na yeye alinyoosha wake, nilimwona.

Nikaleta la kweli. Kuna kijana ninayemsimamia, ripoti zake zilikuwa zinachelewa na zina makosa, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nazisahihisha mwenyewe usiku badala ya kumwambia. Aliyekuwa kocha wangu ni mzee mmoja mpole kutoka kampuni nyingine. Hakuniambia nifanye hivi wala vile. Aliniuliza tu, "Ukimwambia, unaogopa nini kitatokea?" Kisha akanyamaza. Akanyamaza kweli kweli, mikono magotini, macho yametulia kwangu bila kunishinikiza. Nilisikia feni ikizunguka. Nilitaka aseme kitu, chochote, anipunguzie. Hakusema. Ndipo likanitoka: "Naogopa atanichukia, kama nilivyomchukia bosi wangu wa kwanza."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo. Mume wangu hayajui. Hata mimi sikujua kama yamo. Nililia kidogo, mzee akasubiri, na nilipoinua uso nikaona mkufunzi amesimama nyuma ya kiti changu na daftari.

Baada ya chai tulirudi wote pamoja. Mkufunzi akabandika karatasi kubwa ukutani, akachukua kalamu nene nyekundu, akaandika kwa herufi kubwa: NAOGOPA ATANICHUKIA. Akageuka, akasema, "Sentensi hii imetoka asubuhi hii kwa mmoja wenu. Meneja ambaye mwaka mzima anasahihisha kazi ya kijana wake usiku. Hebu tuichambue."

Hakutaja jina. Lakini yule mwenzangu wa ofisini alikuwa safu ya mbele, na ofisini kwetu kila mtu anajua ripoti za nani zinachelewa. Aligeuka taratibu, akaniangalia.

Watu wakaanza kuchambua. Hajiamini huyo. Anataka kupendwa. Uongozi haumfai. Labda utoto wake ulikuwa mgumu. Na mkufunzi, kila mtu akisema, anaitikia kwa kichwa na kuandika kwenye ile karatasi, kwa wino uleule mwekundu, kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka chini. Mimi nimekaa palepale. Nilihisi joto la masikio mpaka shingoni. Yule mzee peke yake ndiye aliyenyanyua mkono akasema, "Mwalimu, mimi naona tuiache hii." Mwalimu akamjibu kwamba kujifunza kunahitaji ujasiri, akaendelea.

Mchana nilimfuata. Nilimwambia kwa adabu, "Mwalimu, maneno yale ni yangu." Akasema, "Lakini sijataja jina." Nikamwambia humu kuna mtu wa ofisini kwangu na anamjua huyo kijana. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akaniambia: "Dada, jiulize kwa nini imekuuma."

Halafu akachukua simu yake mezani, akaanza kusoma meseji.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Kosa la kuandika ningeweza kulisamehe, binadamu hukosea. Lakini kuchukua swali la ukocha, lile lile analotufundisha kwamba ni zawadi kwa anayeulizwa, akaligeuza ngao ya kujifichia! Swali hilo halikuwa la kunisaidia kufikiri. Lilikuwa la kunifunga mdomo. Nimekutana na mabosi wanaopiga kelele, wanaotupa mafaili mezani, wala hawakuniumiza hivyo, kwa sababu mkali anajulikana ni mkali. Huyu alinikanyaga kwa sauti ya upole huku akiniita dada.

Na asiniambie hakujua. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, lina orodha ya stadi 8 ambazo kocha lazima awe nazo. Ya kwanza kabisa ni kufanya kazi kwa maadili. Ya nne ni kujenga imani na usalama. Kusikiliza, ambako yeye anakusifia kutwa, kumekuja nafasi ya sita. Orodha hiyo aliionyesha mwenyewe ukutani siku ya kwanza. Tena kanuni zao za maadili zinataka kocha, mteja wake, na mwajiri anayelipa waelewane mapema kipi kitatoka nje na kipi hakitatoka. Sisi tulilipiwa na waajiri, tumekaa na wafanyakazi wenzetu, na hakuna aliyetuuliza hata siku moja nani atamwambia nani nini. Tulinyoosha mikono tu, kama watoto wa shule.

Karatasi ilikaa ukutani mpaka jioni. Niliibandua mwenyewe, nikaikunja, nikaitia mkobani. Lakini watu walikuwa wameshaipiga picha.

Sikumbuki vizuri kama ilikuwa wiki iliyofuata au ile ya pili yake, kijana alibadilika. Alikuwa akipita mlangoni kwangu asubuhi ananisalimia, akaacha. Siku moja akaingia, akafunga mlango, akasimama. "Dada," akasema, "nimesikia nimekuwa somo darasani."

Nilikuwa na maneno elfu ya kujitetea. Kwamba sikumtaja. Kwamba si mimi niliyeandika. Kwamba hata mimi nimeumizwa. Yote yalikuwa mdomoni tayari. Nikamkumbuka yule mzee na mikono yake magotini. Nikasema, "Ni kweli nilikusema, na nakuomba msamaha." Nikanyamaza. Haikuwa rahisi, jamani. Nilishika ukingo wa meza.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaongea, na alichosema kimebadilisha ninavyofanya kazi. Alisema amejua siku zote kwamba nafumua ripoti zake. "Nikiimaliza vizuri au vibaya, asubuhi naikuta imegeuzwa. Nikaona sasa najichosha kumalizia nini?" Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikizichelewesha! Mwaka mzima nadhani namsitiri, kumbe namwambia kila asubuhi kwamba kazi yake si kitu. Nikamuuliza angependa tufanyeje. Akasema nisiguse, nimrudishie na alama ya penseli palipo na shida, atarekebisha mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya sasa. Za kwanza mbili zilirudi na alama nyingi. Ya mwezi uliopita ilikuwa na alama tatu.

Kwa hiyo niseme nini juu ya kozi? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasiikaribie. Sasa nimefika hapa na naona mkono unasita. Ule unyamavu ulioniokoa mbele ya kijana, niliupata mle chumbani. Nitasema niliupata kwa mzee, si kwa mkufunzi, lakini mzee naye alikuwa amejifunza siku mbili tu kabla, kutoka kwa mkufunzi huyohuyo. Huo ndio ukweli na siwezi kuuzunguka. Stadi zenyewe ni za kweli. Kumuuliza mtu swali moja lisilo na jibu lako ndani yake, kisha kusubiri bila kumkimbilia, ni kitu ambacho kila meneja angefundishwa kabla ya kupewa watu. Naweza hata kusema zile siku chache zilikuwa na faida kuliko semina zote nilizowahi kupelekwa.

Lakini niliwaandikia barua. Niliandika kwa utulivu, nikaeleza karatasi, kalamu, mwenzangu wa ofisini, na yale maneno ya mchana. Jibu lilikuja mistari minne. Wanathamini mrejesho wangu. Mkufunzi wao ana uzoefu mkubwa. Hakuna jina lililotajwa. Na mwisho wakanikaribisha ngazi ya pili kwa bei ya punguzo. Mtu amekuletea jeraha, unamuuzia tiketi! Sijajibu. Niliposoma lile neno "jina" mara ya pili kutoka kwao, huruma yote iliyokuwa imeanza kuniingia ilikwisha.

Kitu kingine. Siku ya kufunga tulipewa vyeti na kuambiwa sasa ninyi ni makocha kamili. Si kweli, na wanajua si kweli. Ithibati ya kwanza ya ICF, iitwayo ACC, inadai saa 60 za mafunzo, saa 100 za kukochi watu halisi, na saa 10 za kusimamiwa na kocha mwenye uzoefu anayekusikiliza na kukusahihisha. Wenzangu wawili watatu tayari wamejiandika makocha kwenye wasifu wao. Watakaa na watu wenye mambo mazito, watu watafunguka kama nilivyofunguka, na mfano waliouona wa kuitunza siri ya mtu ni ile karatasi.

Kama bado unataka kwenda, na sitakushikilia, muulize mkufunzi kabla hujalipiwa: nikisema jambo la kweli kwenye mazoezi, wewe utalifanyia nini? Msikilize anavyojibu. Na kama umepelekwa na mwenzako wa ofisini, omba msikae kundi moja wala chumba kimoja wakati wa mazoezi. Mimi sikujua kuomba. Nyota nimempa moja. Nilitaka kumpa mbili kwa sababu ya ile siku ya kwanza, nikakumbuka ile simu yake mezani, nikarudisha moja.

Mimi, yule mzee na yule mama aliyekuwa mtazamaji wetu tunaendelea kufanya mazoezi kwa simu, kila baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Tunabadilishana zamu kama kule. Mzee, hata kama zamu si yake, kabla hatujaanza huuliza, "Haya dada, ya leo yanabaki kati ya nani na nani?" Na haanzi mpaka kila mmoja wetu amejibu kwa mdomo wake.